U Ba Khin: Mhasibu Mkuu aliyewafundisha watu kukagua akili zao

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyabiashara yeyote anayevuka mpaka wa Kasumulu au wa Mchinji analijua hilo. Katika daftari lake mna mtaji, nauli, ushuru, mkopo wa fulani na deni la fulani. Jioni akifika Lilongwe, hata kama macho yamejaa usingizi, atalifungua na kuhesabu, kwa sababu asiyehesabu hufilisika bila kujua alianza kufilisika lini.

Lakini liko daftari jingine ambalo wengi wetu hatulifungui. Ni lile la moyoni. Humo mna hasira dhidi ya mtu aliyetunyang'anya shamba, hofu ya mtu mwenye sare, uchungu wa ndugu aliyebaki njiani na majuto ya duka lililofungwa. Hesabu hizo zipo hata kama hazijaandikwa, na riba yake tunailipa kila siku: kwa usingizi unaokatika saa nane usiku, kwa kofi analopigwa mtoto asiye na kosa, na kwa chupa.

Leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye kazi yake ya mshahara ilikuwa kukagua hesabu za serikali, na kazi yake ya pili ilikuwa kuwafundisha watu kulikagua hilo daftari la moyoni. Aliitwa U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa kwanza wa Burma huru. Alifariki dunia mwaka 1971, lakini njia aliyoifundisha inafuatwa leo katika nchi nyingi, na mafunzo yanayofanana nayo yamefika hata katika makambi ya wakimbizi ya Afrika Mashariki.

Burma si mbali kama tunavyodhani

Huenda msomaji akauliza, Burma inatuhusu nini sisi wa Dzaleka na Lilongwe? Inatuhusu, kwa sababu wazee wetu walifika huko wakiwa na bunduki. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, kisha ikavuka mto Chindwin mwezi Desemba. Ndani yake walikuwamo askari wa KAR kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, pamoja na wenzao wa Tanganyika, Kenya na Uganda. Kongo ya Wabelgiji nayo ilipeleka kikosi cha matabibu kuwahudumia majeruhi. Kiswahili kilisikika katika misitu ile kama kinavyosikika leo katika soko la Dzaleka. Nchi hiyo sasa inaitwa Myanmar, jina lililotangazwa rasmi mwaka 1989.

Wakati vijana wetu wakivuka mito ya Burma, U Ba Khin alikuwa mtu mzima wa miaka 45 katika nchi hiyo hiyo iliyokuwa ikichomwa na vita. Hakuwa mtawa wala mtoto wa mfalme. Alikuwa karani aliyepanda ngazi, na hapo ndipo maisha yake yanapotuhusu.

Mtoto wa mtaa wa wafanyakazi

Alizaliwa Rangoon tarehe 6 Machi 1899, katika familia ya kipato kidogo iliyoishi mtaa wa wafanyakazi. Jina lake ni Ba Khin. Neno U lililo mbele yake ni heshima tu anayopewa mtu mzima, kama sisi tunavyosema Mzee fulani. Wanafunzi wake walimwita Sayagyi, yaani mwalimu mkubwa.

Burma ilikuwa chini ya Waingereza na ilitawaliwa kama jimbo la India. Kijana huyo alisoma katika shule ya wamisionari wa Kimethodisti, akasifika kwa kushika masomo kwa moyo. Mwaka 1917 alimaliza sekondari kwa kupata medali ya dhahabu na nafasi ya kusomeshwa chuo. Hata hivyo, hakwenda. Nyumbani palihitajika fedha, naye akaacha masomo akatafute kazi. Wasomaji wetu wengi, hasa wale ambao masomo yao yaliishia mpakani, wanalijua jambo hilo bila kuelezwa.

Alianza katika gazeti moja la Kiburma, kisha akaingia ofisi ya Mhasibu Mkuu kama karani wa hesabu. Ofisini humo Waburma walikuwa wachache, kwani nafasi nyingi zilishikwa na Waingereza na Wahindi. Mwaka 1926 alifaulu mtihani wa utumishi wa uhasibu. Mwaka 1937, Burma ilipotenganishwa na India, alipandishwa cheo na kuwa msimamizi maalumu wa ofisi.

Siku kumi zilizobadili maisha yake

Mwaka huo huo wa 1937, siku ya kwanza ya Januari, alitembelewa na mtu aliyekuwa mwanafunzi wa mwalimu mmoja wa kijijini. Mgeni huyo akamweleza zoezi dogo: kaa umetulia, fumba macho, iangalie pumzi yako inavyoingia na kutoka puani, na usiibadilishe. U Ba Khin alijaribu, akashangaa jinsi akili yake ilivyotulia. Akaomba likizo ya siku kumi, akavuka mto kwenda kijiji cha Pyawbwegyi kumtafuta mwalimu mwenyewe.

Mwalimu huyo, Saya Thetgyi, alikuwa mkulima wa mpunga. Naye alikuwa na kisa chake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kipindupindu kiliingia kijijini mwake na kuua ndugu zake, pamoja na mwanawe wa kiume na binti yake. Kwa uchungu aliondoka nyumbani, akahangaika kwa miaka akitafuta jambo ambalo kifo hakiwezi kulichukua. Hatimaye alifika kwa Ledi Sayadaw, mtawa msomi aliyekuwa na msimamo usio wa kawaida kwa wakati wake: kwamba elimu ya kuichunguza akili isifungiwe ndani ya nyumba za watawa, bali ifundishwe pia kwa wakulima, wafanyabiashara na akina mama wa nyumbani. Saya Thetgyi alijifunza, akarudi kijijini, akaanza kuwafundisha majirani.

Kwa hiyo, msomaji, elimu iliyomfikia Mhasibu Mkuu wa baadaye ilipitia mikononi mwa mkulima aliyezika watoto wake. Haikuwa starehe ya watu wenye nafasi.

Akili inakaguliwa vipi?

Njia hiyo huitwa Vipassana, neno la Kipali lenye maana ya kuona mambo kama yalivyo. Hadi leo kozi yake ya mwanzo ni ya siku kumi. Mwanafunzi huahidi kwa siku hizo kutoua, kutoiba, kutojihusisha na ngono, kutosema uongo na kutogusa kileo. Hukaa kimya. Waislamu wanaweza kuifananisha na itikafu ya kumi la mwisho la Ramadhani, na Wakristo na mafungo. Tofauti ni kwamba hapa mtu haombi dua yoyote. Kazi yake ni kuangalia.

Siku za kwanza anaangalia pumzi tu. Linaonekana jambo jepesi, lakini ujaribu. Kabla ya pumzi ya kumi, akili imeshakwenda sokoni, imegombana na mdeni, imerudi Bukavu au Bujumbura, imejenga nyumba na kuibomoa. Mwanafunzi hafundishwi kujilaumu. Akigundua ametoka, anarudi kwenye pumzi. Akitoka mara mia, anarudi mara mia.

Baada ya akili kupata makali, anaanza kuupitisha mwili mzima katika ukaguzi, kutoka utosini hadi kwenye nyayo, akiangalia kila hisia: joto, baridi, kuwasha, maumivu, mpapatiko. Hapo ndipo kwenye kiini cha saikolojia ya Kibudha. Wataalamu wa zamani waliigawa kazi ya akili katika hatua nne: kupokea, kutambua, kuhisi na kuitikia.

Tuchukue mfano wa barabarani. Basi linasimamishwa kwenye kizuizi. Jicho linapokea: kuna mtu amevaa sare. Akili inatambua kwa kumbukumbu ya zamani: huyu ni hatari. Mwili unahisi: tumbo linakaza, kifua kinapata moto. Ndipo mtu anapoitikia: anatetemeka, anasema uongo usio na haja, au anajibu kwa ukali na kujiletea matatizo. Hatua zote nne huisha kufumba na kufumbua, hivyo sisi tunaona ya kwanza na ya mwisho tu. Tunasema afisa amenikasirisha. Mwalimu wa Vipassana atasema afisa yuko nje. Kilichokusukuma ni ule moto wa kifuani mwako, ambao hukuuona.

Basi zoezi ni kuuona. Mtu anayekaa na maumivu ya goti kwa dakika 40 bila kuyakimbia hugundua kwamba hayakai kama jiwe. Yanapanda, yanashuka, yanahama, yanapotea. U Ba Khin aliliwekea mkazo neno moja kuliko yote, anicca, yaani kutodumu. Hakutaka wanafunzi waliamini kwa kuwa limeandikwa. Alitaka waliguse katika mwili wao wenyewe. Mtu aliyekwishaona mara elfu moja kwamba moto wa kifuani huwaka na kuzimika, hupata nafasi ndogo kati ya kuhisi na kutenda. Katika nafasi hiyo ndogo anaweza kuchagua neno la kusema, au kunyamaza.

Mwanafunzi wa kwanza ndani ya treni

Mwaka 1941 U Ba Khin alikuwa akisimamia hesabu za shirika la reli la Burma, na kazi hiyo ilimsafirisha sana. Siku moja treni ilisimama Kyaukse, kusini mwa Mandalay. Hapo alikwenda kumwona mtawa aliyeheshimika sana, Webu Sayadaw. Baada ya mazungumzo, mtawa huyo akamtaka aanze kufundisha bila kungoja. U Ba Khin hakuwa amejiandaa, wala hakuwa na jengo. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa ofisa wa stesheni, na darasa lilikuwa ndani ya behewa.

Kisha vita vikaja. Wajapani waliiteka Rangoon Machi 1942, Waingereza wakairudisha mikononi mwao Mei 1945. Mwaka huo wa 1945 Saya Thetgyi naye akafariki dunia.

Uhuru, mpunga na rushwa

Burma ilipata uhuru tarehe 4 Januari 1948, na siku hiyo U Ba Khin akawa Mhasibu Mkuu wa serikali mpya. Nchi ilikuwa maskini, imejaa waasi, na maofisa wengi wa kigeni walikuwa wameondoka. Katika hali hiyo mtu angeweza kudhani kwamba habari za kukaa kimya na kuangalia pumzi zingewekwa kando. Yeye alifanya kinyume. Alitenga chumba katika ofisi ya uhasibu kwa ajili ya mazoezi, na mwaka 1950 akaanzisha chama cha Vipassana cha wafanyakazi wa ofisi hiyo. Mwaka 1952 kilifunguliwa kituo kwenye kilima kidogo kaskazini mwa hekalu kubwa la Shwedagon, nacho kiliitwa Kituo cha Kimataifa cha Taamuli. Mchana alikuwa ofisini. Jioni na siku za mapumziko alikuwa kituoni. Alifundisha wenyeji na wageni, wakubwa na wahudumu.

Sifa yake ya pili ilikuwa uadilifu. Miaka ya 1950 Waziri Mkuu U Nu alimpa jukumu la kuisafisha bodi ya taifa iliyonunua na kuuza mazao ya wakulima, mpunga ukiwa zao kuu. Bodi hiyo ilinuka rushwa. Inaelezwa kuwa maofisa wake waliposikia nani anakuja, waligoma. U Ba Khin hakuwabembeleza wala hakuwatukana. Aliendelea na kazi akiwatumia makarani wa chini, hadi wagomaji wenyewe wakarudi bila masharti. Bodi ikaanza kuleta faida.

Kwa nini tunalitaja hili katika habari ya taamuli? Kwa sababu wako wanaodhani kwamba mtu anayechunguza akili yake hulegea, akawa wa kusema ndiyo kwa kila kitu. Kwa U Ba Khin haikuwa hivyo. Asiyekuwa na hasira hakuwa na haja ya kugombana, na asiyekuwa na tamaa hakuwa na bei. Serikali ilimhitaji hata baada ya umri wa kustaafu, na kuna wakati aliongoza idara zaidi ya moja kwa pamoja. Aliacha utumishi moja kwa moja mwaka 1967.

Mfanyabiashara mwenye kipandauso

Miongoni mwa waliobisha hodi kituoni alikuwamo Satya Narayan Goenka, na kisa chake kitawagusa wasomaji wa mpakani. Alizaliwa Mandalay mwaka 1924 katika familia ya wafanyabiashara wenye asili ya India. Wajapani walipoingia mwaka 1942, familia ilikimbilia India. Baada ya vita ilirejea, na Goenka, bado kijana, akawa tajiri na kiongozi wa jumuiya ya Wahindi wa Rangoon. Ni mkimbizi aliyerudi na kuanza upya.

Pamoja na mali yote alikuwa na kipandauso kikali. Alichomwa mofini ili kutuliza maumivu, na madaktari waliogopa angezoea dawa hiyo. Akazunguka Uswisi, Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani bila kupona. Rafiki akamwelekeza kwa U Ba Khin. Cha kushangaza, U Ba Khin alimkataa. Alimweleza kwamba kituo si hospitali, na anayekuja kutibiwa kichwa amekuja kuchukua kitu kidogo mahali penye kitu kikubwa. Goenka naye alikuwa na hofu yake: alikuwa Mhindu, na hakutaka kubadilishwa dini. Akahakikishiwa kwamba atakachotakiwa kufanya ni kuishi kwa maadili, kuituliza akili na kuiangalia. Mwaka 1955 akaingia kozi. Kwa maelezo yake mwenyewe kipandauso kilimwachia, ingawa alisisitiza maisha yake yote kwamba hiyo haikuwa faida kubwa.

Faida kubwa ilionekana baadaye. Tarehe 2 Machi 1962 Jenerali Ne Win alitwaa madaraka. Kati ya mwaka 1963 na 1964 serikali yake ikataifisha viwanda na biashara, na mali ya Goenka ikachukuliwa kama ya wengine. Wafanyabiashara wengi walivunjika. Yeye, aliyewahi kuumwa kichwa kwa sababu ya mashaka ya biashara, alieleza kwamba aliipokea hasara hiyo bila kuanguka, akatumia miaka iliyofuata kujifunza zaidi kwa mwalimu wake.

Msomaji wa Lilongwe anaweza kukumbuka mwaka 2023. Machi mwaka huo serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na kuanzia Mei polisi wakawakusanya. Wako waliokuwa na maduka mjini kwa miaka mingi, wakayaacha. Hatusemi kwamba kuangalia pumzi kungerudisha bidhaa za mtu. Haki inadaiwa kwa njia za haki. Lakini mali ikishaondoka, linabaki swali la kama na akili nayo itaondoka.

Deni lililolipwa na mwanafunzi

U Ba Khin alikuwa mhasibu hata katika mambo ya roho. Aliamini kwamba Burma ina deni. Elimu hiyo ilitoka India, alikoishi Buddha zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Burma ikaitunza wakati India imeisahau, na sasa ulikuwa wakati wa kuirudisha. Alitamani kuipeleka mwenyewe, lakini chini ya utawala wa kijeshi kusafiri nje kulikuwa kugumu na hakupata nafasi hiyo.

Mwaka 1969 Goenka aliruhusiwa kusafiri kwenda India kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa. Julai mwaka huo akaendesha kozi ya kwanza Bombay. Habari zikamfikia U Ba Khin kwamba deni limeanza kulipwa. Tarehe 19 Januari 1971, baada ya kufanyiwa upasuaji, alifariki dunia Rangoon akiwa na umri wa miaka 71. Hakuwahi kuyaona matunda yaliyofuata. Goenka alijenga kituo kikubwa Igatpuri, na kutoka hapo kozi za siku kumi zikaenea duniani, zikiendeshwa kwa michango ya hiari ya waliokwishahudhuria. Ziliingia hata magerezani: mwaka 1994 wafungwa zaidi ya 1,000 walikaa kozi moja katika gereza la Tihar, Delhi. Goenka mwenyewe alifariki mwaka 2013. Afrika nayo ina kituo, kilichopo Worcester, Afrika Kusini.

Kutoka hekaluni hadi hospitali na kambini

Hospitali nazo zilifuata. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu mazoezi aliyoyachota katika mafundisho ya Kibudha, ikiwamo Vipassana, bila kuwataka wawe Wabudha. Tangu hapo utafiti mwingi umefanyika. Kwa ujumla unaonyesha kwamba mazoezi haya huwasaidia watu wengi kupunguza wasiwasi na sonona kwa kiasi, si kwa miujiza.

Karibu zaidi na sisi ni Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, watafiti wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani walijaribu mafunzo ya vikao vitano kwa wanawake wa Sudan Kusini. Hayakutoka kwa U Ba Khin moja kwa moja, lakini yana ndugu mmoja: mtu hufundishwa kuitambua hisia nzito, kuipa jina, na kurudisha fahamu zake mahali alipo, badala ya kuburutwa. Kila kikao kilichukua kama saa mbili, mafunzo yakitolewa kwa sauti iliyorekodiwa ili yasihitaji daktari. Walioshiriki utafiti walikuwa wanawake 694. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, yalionyesha kwamba miezi mitatu baada ya mafunzo, waliohudhuria walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao ambao hawakuhudhuria.

Tahadhari mbili

Ya kwanza, hii si tiba ya kila kitu. Mtu aliyeona mauaji, anayesikia sauti, au anayefikiria kujiua, asijifungie kimya peke yake. Kwa baadhi ya watu kufumba macho hufungua mlango wa picha za kutisha, na vituo vyenyewe vya Vipassana huwashauri wenye maradhi mazito ya akili wasiingie kozi hiyo. Huyo amwone mhudumu wa afya kwanza, tena akiwa na ndugu anayemwamini.

Ya pili, jina la dini halimfanyi mtu mwema. Katika Myanmar hiyo hiyo ya U Ba Khin, mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh wakiwakimbia wanajeshi, na wako watawa waliohubiri chuki dhidi yao. Februari 2021 wanajeshi wakapindua serikali tena. Nchi inaweza kuwa na mahekalu ya dhahabu na bado watu wake wakashindwa na moto wa kifuani. Elimu ya akili hairithiwi kama shamba. Kila mtu huanza na pumzi yake mwenyewe.

Dzaleka na neno kuacha

Dzaleka, iliyoko Dowa, haikuanza kama kambi. Wakati wa Kamuzu Banda ilikuwa gereza, na wapinzani wa siasa walifungwa humo. Mwaka 1994 ikageuzwa kuwa makazi ya wakimbizi, ikikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Kufikia mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 50,000. Wanaojua Kichewa watakuambia kwamba ndani ya jina hilo limo neno kuleka, yaani kuacha. Gerezani, kuacha maana yake ilikuwa kunyamazishwa. Kwa mkulima aliyezika watoto, kwa karani aliyekosa chuo na kwa tajiri aliyetaifishiwa viwanda, kuacha kulikuwa kitu kingine: kumlegeza mtu au jambo ulilolishika kwa hasira, huku mikono ikiendelea na kazi.

Wako wasomaji wanaofunga mizigo kurudi Burundi, Rwanda au Kongo. Watakuta shamba limelimwa na mwingine, na huenda wakakutana sokoni na mtu waliyemkimbia. Wengine watabaki, wakivuka Kasumulu mwezi baada ya mwezi. Kwa wote, zoezi la U Ba Khin halina ushuru wala kibali. Jioni, ukishafunga daftari la biashara, kaa dakika kumi kabla ya kulala. Iangalie pumzi. Ikija hesabu ya zamani, iangalie inavyowaka mwilini, kisha uangalie inavyopoa. Usiilipe na usiikatae. Kesho utaifungua tena.

Mhasibu mzuri hafuti deni kwa kujifanya halipo. Hulitazama hadi alijue ni kiasi gani, na wengi wetu, tukiyatazama madeni ya mioyo yetu kwa utulivu, tutagundua kwamba riba ndiyo iliyokuwa ikitumaliza.